Mali Bila Daftari: Kwa Nini Watunza Nyaraka wa Nchi Jirani Hujifunza Pamoja

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hutajwa zaidi dukani na sokoni, lakini maana yake ni pana kuliko biashara. Taifa nalo lina mali yake: ardhi na mipaka, mikataba na nchi nyingine, haki za watumishi wake, na habari za watu waliotangulia. Daftari la mali hiyo ni nyaraka, na mwenye dhamana ya daftari hilo ni mtunza nyaraka. Kazi yake haionekani sana, na watu wengi huikumbuka siku ile tu jalada linapotafutwa lisionekane.

Mfano mmoja waonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2009 wazee wachache kutoka Kenya walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London. Walidai kwamba waliteswa walipokuwa kizuizini katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na mafaili yapatayo 1,500 yaliyoondolewa Kenya wakati uhuru wa mwaka 1963 ulipokaribia. Mafaili hayo yalikuwa yamewekwa mahali paitwapo Hanslope Park, nje ya orodha zilizo wazi kwa wasomaji, kwa muda wa karibu nusu karne. Yaliyomo yalitumiwa kuwa ushahidi mahakamani. Mwezi Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake, ikakubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa ajili ya wadai 5,228.

Kesi hiyo yazusha swali ambalo kila nchi changa hapana budi ilijibu: daftari la taifa litalindwaje? Watunza nyaraka wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini walianza kulijibu mapema, mwaka 1969. Waliona kwamba hakuna nchi moja miongoni mwao iwezayo kuifanya kazi hiyo peke yake. Makala haya yanaeleza sababu zilizowafikisha hapo, na jinsi ushirikiano wao unavyofanya kazi.

Nyaraka ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba hifadhi ya nyaraka, ambayo Wakenya huiita makavazi, ni aina ya maktaba. Tofauti iliyopo ni kubwa. Kitabu huchapwa nakala nyingi, na kimoja kikiungua, kingine hupatikana kwingineko. Jalada la ofisi ya wilaya kwa kawaida ni moja tu duniani. Isitoshe, kitabu huandikwa ili kisomwe na watu wote, ilhali jalada hutokea lenyewe kazi inapofanyika: barua inaingia, ofisa anaandika maoni yake pembeni, jibu linatoka, na nakala ya jibu inabaki. Kwa kuwa hakikuandikwa kwa ajili ya kuwafurahisha wasomaji wa baadaye, kilichomo humo huwa ni ushahidi wa namna ya pekee.

Safari ya waraka huanzia masijala. Kazi yake ya kila siku ikiisha, jalada hupelekwa kwenye kituo cha kumbukumbu, na huko hukaa kwa miaka iliyowekwa na sheria au kanuni. Muda huo ukitimia, mtunza nyaraka huamua lipi liteketezwe na lipi lihifadhiwe daima. Uamuzi huo ni mgumu, kwa maana waraka ulioteketezwa haurudi, na hakuna serikali yenye nafasi ya kuweka kila karatasi.

Yaliyobaki hupangwa kwa kufuata kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba nyaraka za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine. Ya pili ni kwamba mpangilio zilizokuwa nao ofisini hauvurugwi. Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini barua zote zinazohusu njaa, mathalani, zisiwekwe mahali pamoja ili zisomwe kwa urahisi. Sababu ni kwamba barua iliyotolewa jaladani mwake hupoteza nusu ya maana yake. Haijulikani tena ilikuwa inajibu nini, nani aliisoma, na hatua gani ilichukuliwa baadaye. Urahisi wa msomaji hutafutwa kwa kuandika orodha nzuri, wala si kwa kuhamisha karatasi.

Adui za karatasi

Sehemu ya pili ya kazi hii ni ya kisayansi kabisa. Karatasi hutengenezwa kwa nyuzi za mimea, na kiini cha nyuzi hizo ni selulosi. Selulosi ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi zilizoshikana. Mnyororo ukiwa mrefu, karatasi huwa imara na hukunjika bila kukatika. Mnyororo ukivunjwavunjwa, karatasi huwa kavu na hatimaye hupukutika mkononi.

Kinachouvunja mnyororo huo zaidi ni asidi. Karatasi za zamani zilizotengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani zilikuwa na asidi kidogo, na ndiyo maana baadhi yake zimedumu kwa karne nyingi. Katika karne ya 19 viwanda vilianza kutumia miti badala ya matambara. Rojo ya miti iliyosagwa ina lignini, ambayo hubadilika rangi ipigwapo na mwanga na hutoa asidi. Kadhalika, viwanda viliongeza chumvi ya alumini pamoja na ulimbo wa msonobari ili wino usisambae, na chumvi hiyo nayo huzalisha asidi ikutanapo na unyevu. Sehemu kubwa ya nyaraka za kikoloni na za miaka ya mwanzo ya uhuru katika Afrika Mashariki iliandikwa juu ya karatasi za namna hiyo. Adui wa kwanza wa nyaraka hizo, basi, yumo ndani yake zenyewe.

Hali ya hewa humsaidia adui huyo. Wanafunzi wa kemia wanajua kwamba joto likizidi, mmenyuko wa kikemia huenda kasi zaidi. Kwa kukadiria, kila nyongeza ya nyuzi 10 za Sentigredi huufanya mmenyuko mwingi uende kasi mara mbili. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, ukungu huota juu ya karatasi na majalada ya ngozi. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, unyevu hupita kiwango hicho mara nyingi. Tena kuna mchwa wanaopanda kutoka ardhini, kuna wadudu wanaotafuna gundi na wanga wa majalada, na kuna pini na vibanio vya chuma vinavyoshika kutu na kuchoma karatasi taratibu.

Vitabu vya taaluma hii vilivyoandikwa Ulaya havikuandikwa kwa ajili ya mchwa wala masika. Vilishauri vyumba vyenye mitambo ya kupooza hewa usiku na mchana. Shauri hilo ni jema mahali umeme usipokatika. Mtambo unaowashwa saa za kazi na kuzimwa usiku huifanya karatasi ijikunje na kutanuka kila siku kwa kufuata unyevu, na madhara yake huweza kuzidi yale ya joto lisilobadilika. Katika mazingira kama hayo, kuta nene, kivuli, madirisha yanayopitisha upepo, rafu za chuma zilizoinuliwa kutoka sakafuni na kuachanishwa na ukuta, na ukaguzi wa mara kwa mara huweza kufaa zaidi kuliko mtambo wa bei kubwa. Maarifa ya namna hiyo hupatikana kwa uzoefu. Mtunza nyaraka wa Zanzibar ana mengi ya kumwambia mwenzake wa Msumbiji, kwa kuwa wote wawili wanapambana na hewa ya bahari ileile.

Nyaraka hazifuati mipaka ya leo

Sababu nyingine ya ushirikiano imo katika historia yenyewe. Mipaka ya nchi ilichorwa na kubadilishwa mara kadhaa, na nyaraka zikabaki mahali zilipoandikiwa.

Mfano ni wa Kenya. Mpaka mwaka 1902 eneo la magharibi la nchi hiyo, pamoja na Kisumu na Naivasha, lilitawaliwa kama Jimbo la Mashariki la Uganda. Mtafiti anayetaka kuujua mwanzo wa utawala wa kikoloni katika eneo hilo hana budi kutazama pia kumbukumbu za Entebbe. Upande wa pwani, ukanda wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na Waingereza waliutawala kwa mkataba wa mwaka 1895. Mkuu wa kwanza wa utawala huo, Arthur Hardinge, alikuwa wakati huohuo mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Kwa hiyo habari za Mombasa na Malindi za miaka hiyo haziwezi kutenganishwa na nyaraka za Unguja.

Hali ni hiyohiyo kwa Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Nchi hizo zote zilikuwa sehemu za koloni moja la Wajerumani ambalo makao yake makuu yalikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1891. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, Wajerumani walifukia majalada mengi ardhini walipokuwa wakirudi nyuma. Mengine yalifukuliwa baadaye chini ya utawala wa Waingereza, na mengine hayakuonekana tena.

Kusini zaidi, Rhodesia ya Kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambazo leo ni Zimbabwe, Zambia na Malawi, ziliunganishwa katika shirikisho kuanzia mwaka 1953 hadi 1963. Hifadhi yao ya nyaraka ilikuwa na makao yake Salisbury, mji uitwao sasa Harare. Shirikisho lilipovunjwa, kumbukumbu za serikali yake zilibaki huko. Zambia na Malawi zikawa na sehemu ya historia yao katika mji mkuu wa nchi nyingine.

Kisha kuna kumbukumbu za huduma za pamoja. Reli, bandari, posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliendeshwa kwa pamoja kwa miaka mingi, na kuanzia mwaka 1967 zikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni yake ulitiwa saini mwaka 1984, na watumishi wake wa zamani walidai mafao yao kwa miaka mingi baada ya hapo. Kwa fundi wa reli aliyezaliwa Tabora, akaajiriwa Nairobi na kuhamishiwa Kampala, barua ya kuajiriwa na kadi ya utumishi si mambo ya historia. Ni chakula cha uzee wake. Kuipata karatasi hiyo kwategemea kama watunza nyaraka wa nchi tatu wanafahamiana na wanatumia orodha zinazoeleweka pande zote.

Chama cha mwaka 1969

Baraza la Kimataifa la Nyaraka liliundwa mwaka 1948, na makao yake yako Paris. Nchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru, matatizo yao hayakufanana na yale ya wanachama wa Ulaya, ambao hifadhi zao zilikuwa za karne nyingi. Tanzania na Kenya zilitunga sheria zao za nyaraka za taifa mwaka 1965. Hifadhi ya Zanzibar ilikuwa imeanzishwa mwaka 1956. Watumishi wenye taaluma katika kila nchi walikuwa wachache sana.

Mwaka 1969 watunza nyaraka wa kanda hii waliunda, jijini Nairobi, tawi la baraza hilo kwa ajili ya Afrika Mashariki na Kati, lililojulikana kwa kifupi kama ECARBICA. Lilikuja mwaka mmoja tu baada ya tawi la Asia ya Kusini-Mashariki. Baadaye jina lilibadilishwa likawa tawi la Afrika Mashariki na Kusini, yaani ESARBICA, na ndilo jina linalotumika hadi leo. Miongoni mwa wanachama wake wamo Botswana, Kenya, Lesotho, Malawi, Namibia, Tanzania, Zambia na Zimbabwe.

Kazi za tawi hilo zaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Kwanza ni mikutano, ambayo hufanywa kwa zamu katika nchi wanachama. Humo kila nchi hueleza hali ya hifadhi yake, na wageni hupata kuona kwa macho jinsi wenyeji wanavyofanya kazi. Pili ni jarida la taaluma, ambamo watunza nyaraka wa kanda huandika matokeo ya utafiti wao wenyewe. Kabla ya hapo, mtumishi aliyekuwa na swali juu ya ukungu au masijala alisoma yaliyoandikwa na watu wa nchi za baridi. Tatu ni sauti ya pamoja katika mambo ambayo nchi moja ikiyasema huweza kupuuzwa.

Nyaraka zilizochukuliwa na watawala wa zamani ni moja ya mambo hayo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilipeleka watumishi London kutafuta na kunakili katika mikrofilamu yale yaliyohusu nchi yao. Walirudi na nakala nyingi zenye manufaa, lakini waliweza kunakili yale tu yaliyokuwa wazi. Mafaili ya Hanslope Park hawakuyaona. Hata hivyo, suala hilo halikuachwa lizimike. Liliendelea kuzungumzwa na watunza nyaraka wa kanda, kwa kuwa kila nchi ilipolinganisha orodha zake na za jirani iliona mapengo ya namna ileile. Ukweli ulipotoka mwaka 2011, ilijulikana kwamba mafaili yaliyofichwa yalikuwa kama 8,800, nayo yalihusu makoloni 37 ya zamani. Pengo lililodhaniwa kuwa la nchi moja lilikuwa la dola nzima. Mafaili hayo yalianza kufunguliwa kwa wasomaji mwaka 2012 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Nakala zenyewe za asili zilibaki Uingereza, na hoja ya kuzirudisha makwao haijafungwa.

Jinsi mtunza nyaraka anavyofundishwa

Jengo na rafu huweza kununuliwa kwa mwaka mmoja. Mtu mwenye ujuzi hawezi. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, wengi waliotaka kusomea kazi hii walikwenda ng'ambo, hasa Chuo Kikuu cha London, ambako mafunzo ya watunza nyaraka yalianzishwa mwaka 1947. Elimu hiyo ilikuwa na thamani, lakini iliegemea hati za kale za Ulaya. Mwanafunzi aliyerudi nyumbani alikuta kazi ya namna nyingine: masijala zilizofurika, majalada yaliyorundikwa katika stoo za wilaya, na wakuu wa ofisi wasiojua kwa nini karatasi kuukuu zisichomwe.

Ndipo likaja wazo la kufundishana barani. Wanaotumia Kifaransa walipata mafunzo yao Dakar. Kwa wanaotumia Kiingereza, kituo cha kanda kilianzishwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Upande wa Afrika Mashariki, Makerere ilikuwa na shule ya ukutubi iliyohudumia nchi zote za eneo hilo tangu mwaka 1963, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari kinachofundisha pia utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Nchini Tanzania, Chuo cha Utumishi wa Umma hufundisha watunza kumbukumbu wa ofisi za serikali. Nchi moja yenye nafasi chache za kazi hii kwa mwaka haiwezi kuendesha chuo kikubwa kwa ajili ya hao peke yao. Nchi kadhaa zikikusanya wanafunzi wao, darasa hujaa na mwalimu hupatikana.

Mafunzo hayo yana sehemu tatu. Ya kwanza ni ya mkono: kusafisha karatasi kwa brashi laini, kutoa pini zenye kutu, kuziba mpasuko kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Gundi hiyo hupendwa kwa sababu yaweza kuondolewa kwa maji wakati wowote, ilhali selotepu huacha doa la njano lisilotoka. Sehemu ya pili ni ya jicho, yaani kusoma. Majalada ya wakati wa Wajerumani yana mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma bila kufundishwa. Zanzibar ina hati za Kiarabu, na barua nyingi za pwani ziliandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Sehemu ya tatu ni ya akili na uadilifu: kujua kipi kihifadhiwe, nani aruhusiwe kusoma, na kukataa shinikizo la mwenye cheo anayetaka jalada fulani litoweke.

Faida ya ujuzi huo yaonekana Dar es Salaam. Kati ya mwaka 1967 na 1969 wataalamu kutoka Ujerumani walifanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Tanzania ya kupanga na kuorodhesha majalada ya wakati wa Wajerumani, na orodha yake ikachapishwa mwaka 1973. Kabla ya orodha hiyo, mtafiti wa vita vya Maji Maji aliingia katika msitu usio na njia. Mwaka 1997 majalada hayo yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na mwaka 2003 hati na vitabu vya Kiarabu vya Zanzibar vikaingizwa pia. Karatasi ni zilezile zilizokuwa zimelala gizani. Kilichoongezeka ni watu wenye kujua kuzipanga na kuzisoma.

Ushirikiano huu una matatizo yake, na si haki kuyaficha. Safari za mikutano ni ghali, na hifadhi nyingi hupata fungu dogo katika bajeti ya serikali. Katika ofisi nyingi kuhamishiwa masijala huonekana kama adhabu, kwa hiyo aliyefundishwa vizuri hutafuta kazi nyingine yenye heshima zaidi. Misaada ya kutoka nje nayo mara nyingine huja kwa namna ya mashine isiyo na vipuri. Jirani mwenye ujuzi wa kutengeneza mashine kama hiyo huwa na faida kuliko mashine ya pili.

Mtihani wa kompyuta

Wengine hudhani kwamba kompyuta imemaliza mambo haya yote. Kwa kweli imeyaongeza. Karatasi iliyoachwa kabatini kwa miaka 40 yaweza kuwa imefifia, lakini bado husomeka kwa macho. Disketi ya mwaka 1990 haisomeki bila mashine yake, na mashine hiyo ni adimu. Hata ikipatikana, programu iliyoandika faili huenda haipo tena. Kwa hiyo kumbukumbu za kompyuta huhitaji kunakiliwa kila baada ya miaka michache kutoka chombo cha zamani hadi kipya, pamoja na maelezo ya nani aliziandika, lini, na kama zimebadilishwa. Mnyororo wa kunakili ukikatika mara moja, kila kitu hupotea. Mikrofilamu nzuri iliyotunzwa vema, ingawa ni ufundi wa zamani, hukadiriwa kudumu kwa mamia ya miaka, na yaweza kusomwa kwa mwanga na kioo cha kukuzia.

Kuna suala jingine. Nyaraka zikipigwa picha kwa fedha za taasisi ya ng'ambo, ni nani mwenye zile picha? Je, msomaji wa Songea au Kitui atazipata kwa urahisi sawa na msomaji wa mji mkuu wa nchi tajiri? Mikataba ya namna hiyo yahitaji kusomwa na watu wanaoijua kazi, na nchi iliyowahi kutia saini mkataba mbaya ina la kumfundisha jirani ambaye bado hajashika kalamu.

Jaribio na kazi ya shuleni

Walimu wa sayansi waweza kuonyesha sehemu ya mambo haya bila gharama. Kipande cha gazeti hukatwa mara mbili. Kimoja hubandikwa dirishani penye jua, cha pili hufungwa katika bahasha na kuwekwa ndani ya kabati kavu. Karatasi nyeupe ya daftari hugawanywa vivyo hivyo. Baada ya wiki nne vipande hivyo hulinganishwa kwa rangi, kisha kila kimoja hukunjwa na kukunjuliwa mara nyingi pahala pamoja, na idadi ya mikunjo kabla ya kukatika huandikwa. Wanafunzi wataona kwamba gazeti la dirishani hugeuka njano mapema kuliko vipande vingine, na waweza kueleza sababu kwa kurejea habari za lignini na asidi.

Walimu wa historia nao hawahitaji kwenda mbali. Kila shule ina nyaraka zake: daftari la kuandikishia wanafunzi, kumbukumbu za mikutano ya bodi, picha za mahafali, ramani ya kiwanja. Klabu ya wanafunzi yaweza kuziorodhesha kwa kufuata kanuni zilizoelezwa hapo juu: visiondolewe katika mpangilio vilivyokutwa nao, viinuliwe kutoka sakafuni, visitiwe selotepu, na picha ziandikwe majina na mwaka kwa penseli nyuma yake wakati wenye kuwatambua waliomo wangali hai. Shule mbili za jirani zikilinganisha orodha zao, huenda zikagundua kwamba habari za moja zimo katika daftari la nyingine, kama ilivyo kwa Kisumu na Entebbe.

Mwanafunzi aandikaye orodha hiyo leo ana jina lake mwenyewe katika daftari la shule. Miaka 40 ijayo atakapotakiwa kuthibitisha umri wake, elimu yake au utumishi wake, atahitaji mtu ambaye hakumjua kamwe awe ameitunza karatasi hiyo dhidi ya mvua, mchwa na uzembe. Wazee waliokwenda London mwaka 2009 walihitaji jambo hilohilo, na walilisubiri kwa muda wa nusu karne.